Miti Isiyofika Mitano

Mwalimu wa darasa la jioni aliwaambia wanafunzi wake waje na karatasi yoyote iliyomo nyumbani mwao, waisome mbele ya wenzao. Seremala alikuja na maelezo ya dawa ya mchwa. Mshona viatu alikuja na barua ya shemeji yake, akaisoma nusu, akanyamaza, akasema iliyobaki ni ya ndani ya familia. Darasa likacheka mpaka madawati yakalia, maana yalikuwa madawati ya watoto wa darasa la pili, na watu wazima walijibana humo magoti yakitafuta videvu.

Mama Gome alikuja na ripoti.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtambuzi wa miti katika kikosi cha kupima msitu. Wenzake walivuta kamba, wakanyoosha mstari, wakazungusha utepe kwenye shina, lakini hakuna aliyejua ule ni mti gani mpaka yeye afike. Alikwangua gome kwa ncha ya panga, akatazama rangi ya ndani, akanusa, mara nyingine akaonja na kutema, akaokota jani chini na kulipindua. Kisha alitaja jina kwa sauti. Mwandishi wa kikosi, ambaye wote walimwita Kalamu, alilirudia jina hilo huku akiliandika, na hakuna aliyeinua mguu kabla jina halijatajwa mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao. Jina lililotajwa mara moja ni uvumi, Kalamu alizoea kusema.

Kusoma ndiko hakukujua. Miti alifundishwa na baba yake, aliyefanya kazi hiyohiyo kabla yake; shule ilikuwa mbali na msitu ulikuwa mlangoni. Alipotimiza miaka hamsini na sita alimwomba Mungu asimwite kabla hajalisoma neno Lake kwa macho yake mwenyewe. Akaona aibu kuomba bila kufanya. Wiki hiyohiyo akanunua daftari, akajiandikisha.

Ripoti ile ilikuwa zawadi. Upimaji wa vitalu saba ulipokwisha, kila mtu wa kikosi alipewa nakala yenye jalada la plastiki, na yeye akaiweka sandukuni pamoja na nguo zake za ibada. Mwaka mzima ilikaa humo. Sasa aliifungua mbele ya watu kumi na wawili, akaweka kidole.

"Ukurasa wa kumi na nne," alisoma. "Jedwali la aina za miti. Mkangazi, mia nne na kumi na mbili. Msufi, mia tatu na nane. Mkuyu, mia mbili na sabini."

"Shangazi, hiyo orodha ndefu kama ya wageni wa harusi," alisema mshona viatu. "Sisi tumo?"

"Wewe huna shina, una visigino tu."

Wakacheka. Akaendelea, mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole. Kila jina alilolisoma aliliona: huu ulikuwa na nyuki, huu ulikuwa na shimo la popo, huu ndio uliomrushia Kalamu utomvu machoni. Alifika mstari wa ishirini na tatu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa mwisho: "Mengineyo, tisini na sita." Akafunua ukurasa. Ng'ambo hapakuwa na jedwali tena. Akarudi nyuma. Akatazama kama kurasa mbili zimegandana, akalowesha kidole, akajaribu kuzitenganisha.

"Umesoma vizuri sana," alisema mwalimu. "Mpigieni makofi."

Makofi yalipigwa, lakini Mama Gome hakukaa.

"Sijamaliza, Mwalimu. Kuna miti haipo."

"Mti gani?"

"Mnyamavu haupo."

Hakuna aliyeujua mnyamavu, na si ajabu. Baba yake aliuita hivyo kwa sababu ukiugonga kwa mgongo wa panga haulii kama miti mingine. Sauti inaingia ndani na kubaki humo. Gome lake ni la kijivu. Ukilikwangua, ndani ni rangi ya chungwa, na kabla hujamaliza kupangusa panga pameshageuka zambarau, kama mtu aliyepigwa. Maisha yake yote Mama Gome alikuwa ameona minyamavu saba. Mitatu kati ya hiyo aliikuta katika kitalu cha saba, kwenye upimaji huu, na mmoja ulikuwa na mbegu chini yake. Siku ile alipiga magoti pale kwenye majani mabichi akamshukuru Muumba, na kikosi kizima kikamsubiri kofia mkononi.

Akasoma ukurasa wa kumi na tano, sasa kwa haraka, akijikwaa. "Katika vitalu vyote saba hakuna aina adimu ina-yo-hitaji kuachwa. Uvunaji unaweza kuendelea." Chini yake palikuwa na alama tatu: saini ya Mratibu wa upimaji, saini ya Kalamu, na katikati, kwa wino wa buluu, dole gumba lake yeye.

Alilitazama kwa muda. Kisha akafunga ripoti, akatoka bila kuaga.

*

Asubuhi alimkuta Kalamu katika stoo ya idara, akining'iniza tepe za kupimia kwenye misumari. Kalamu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na mlango.

"Dada, mbona umekuja na uso wa kudai maiti?"

"Mnyamavu uliuandika?"

"Niliuandika. Mara tatu, kitalu cha saba. Ulipiga magoti nikaumwa na siafu kwa ajili ya sala yako, nitasahau vipi?"

"Na ule wenye maua yanayotoka shinani? Na ule wa harufu ya kitunguu?"

"Yote. Ulitaja aina sitini na nne, dada, mimi nikaandika sitini na nne. Nilizihesabu mwenyewe kwa majivuno."

Mama Gome akamwekea ripoti juu ya kreti. "Humu zimo ishirini na tatu."

Kalamu aliisoma. Yeye alijua kusoma tangu utotoni, lakini ilionekana wazi kwamba hakuwahi kufika ukurasa wa kumi na nne. Alikuwa ametia saini mahali alipoonyeshwa, kama mtu anayesaini kitabu cha wageni.

"Fomu zetu ziko wapi?" aliuliza Mama Gome.

"Kwenye maboksi, chumba cha nyuma. Sisi tukishapeleka fomu, ofisi ndiyo inayochapa." Akashusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Dada, kikao cha kibali ni Alhamisi. Kibali kikipita, Jumatatu misumeno inaingia, na wanaanza na kitalu cha saba kwa sababu kina barabara. Mwenyekiti atatuita sisi watatu, atauliza kila mmoja, hii ni yako? Wewe unasema ni yangu, unakaa. Ndivyo kila mwaka."

"Najua ndivyo kila mwaka. Nimesema ni yangu mara ngapi, kaka? Mara ngapi nimesema ni yangu na sijui kilichomo?"

Kalamu alifunga ripoti, akamrudishia.

*

Mratibu alikuwa kijana mpole, msafi, aliyesimama kila mtu mzima alipoingia ofisini kwake. Alimwamkia Mama Gome, akamvutia kiti, akauliza hali ya nyumbani. Mama Gome akajibu yote kwa adabu. Kisha akaweka kidole kwenye jedwali.

"Mwanangu, miti yangu ya aina arobaini na moja iko wapi?"

"Ipo, mama. Hiyo hapo. Mengineyo."

"Mengineyo si mti. Nimeishi msituni miaka thelathini na moja, sijawahi kukwangua gome la mengineyo."

Mratibu alitabasamu. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri, kwamba msitu wa nchi za joto ndivyo ulivyo: aina chache zinakuwa nyingi sana, na aina nyingi zinakuwa chache sana, moja hapa, moja kule. Jedwali ni la ukurasa mmoja. Kwa hiyo, aina ikipatikana chini ya mara tano katika vipimo, inaingizwa kwenye mengineyo. Aliikuta kanuni hiyo alipoanza kazi. Mtangulizi wake naye aliikuta.

"Kwa hiyo mti ukiwa mchache hauandikwi."

"Unaandikwa, ila kwa pamoja."

"Halafu ukurasa unaofuata mnauliza, je, humu kuna mti mchache?"

"Ndiyo."

"Mnaangalia wapi?"

Mratibu alirudisha macho kwenye ukurasa. "Kwenye jedwali."

Mama Gome alikiondoa kidole kwenye jedwali. Alisema moyoni, Bwana, uuzuie ulimi wangu, lakini ulimi ulikuwa umeshatoka nyumbani.

"Umewatoa wachache wote nje, ukafunga mlango, kisha ukapiga hodi kwenye chumba ukauliza, humu ndani kuna mchache? Wakakujibu hapana. Ukaandika hapana. Ukaleta wino, ukakishika kidole changu kwa mkono wako mwenyewe, ukakibonyeza juu ya hiyo hapana. Nakumbuka. Ulinipa na kitambaa cha kupangusia."

"Mama, mimi sikuitunga kanuni. Na wahenga walisema, wengi wape."

"Walisema hivyo juu ya watu wanaogombea. Mnyamavu umegombea nini nawe?"

"Miti yenyewe ni mitatu tu," alisema Mratibu, na sasa upole wake ulianza kupasuka pembeni. "Mitatu, mama. Msitu mzima usimame kwa ajili ya miti mitatu?"

"Ingekuwa mia nne ningekuja hapa kufanya nini?"

Mratibu alisimama, si kwa heshima safari hii. Alisema ripoti imeshapelekwa, imeshasainiwa, na yeye Mama Gome ni mmoja wa waliosaini. Mwakani wataangalia uwezekano wa kuongeza kiambatisho.

"Mwakani huo mti utakuwa mlango wa nyumba ya mtu," alisema Mama Gome, akachukua ripoti yake.

*

Siku mbili zilizobaki kabla ya kikao alifunga. Hakumwambia mtu. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye, aliona chakula kinarudi jikoni kama kilivyotoka, akasema, "Ukifa kwa njaa nitaandika kaburini: aliuawa na mti." Mama Gome hakucheka. Aliomba jambo moja tu, sauti isimtetemeke. Na jioni zote mbili alikaa na ukurasa wa kumi na nne na wa kumi na tano, akazisoma mpaka kila neno likamzoea.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni isiyozunguka na viti vya plastiki ukutani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba. Mtu wa kampuni ya mbao alikaa kulia kwake na ramani iliyoviringishwa. Shauri lilikwenda kwa kasi ya watu wanaojua jibu. Mratibu alisoma muhtasari. Mwenyekiti akageukia viti vya ukutani.

"Mratibu, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Mtambuzi, hii ni yako?"

Mama Gome akasimama. "Si yangu."

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kulitazama jina la tatu. Akavua miwani. "Umesema?"

"Kidole ni changu. Maneno si yangu. Naomba kukitoa kidole changu."

Mtu wa kampuni alicheka kidogo, cheko la puani. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, huyu mama ameweka dole gumba. Hajui kusoma. Amejuaje kilichoandikwa? Kuna mtu kamtuma."

Mama Gome alifungua ripoti. Alisoma ukurasa wa kumi na nne wote, kuanzia mkangazi mpaka mengineyo, akiwa amesimama, kidole kikishuka. Hakuharakisha. Mtu wa kampuni alitazama saa mara mbili, na mara zote mbili Mama Gome alinyamaza mpaka amalize kuitazama. Kisha akasoma ukurasa wa kumi na tano.

"Nilitaja miti ya aina sitini na nne kwa mdomo huu," alisema. "Arobaini na moja imetupwa kwenye kapu moja kwa kosa la kuwa michache. Baada ya kuitupa, mmeandika kwamba hakuna michache. Mimi nimeshuhudia uongo mbele za Mungu kwa kidole nilichopewa na Yeye. Nilikuwa kipofu wa herufi. Sasa naona."

Mwenyekiti alimtazama Mratibu. Mratibu alitazama karatasi.

"Mwandishi," aliita Mwenyekiti. "Hii ni yako?"

Kalamu alisimama polepole. Alikuwa na mikataba ya msimu, si ajira. Mtu mmoja ofisini angeweza kusahau jina lake naye akabaki nyumbani. Alijikuna shingo. Mama Gome hakumwangalia, maana aliona si haki kumbebesha macho yake.

"Nilichokiandika msituni ni changu, mheshimiwa," alisema Kalamu. "Hiki kilichochapwa, mimi nilionyeshwa tu pa kusaini. Fomu zangu ziko kwenye maboksi, chumba cha nyuma. Mwandiko ni mbaya lakini ni wa kweli."

Maboksi yakaletwa. Mwenyekiti akachagua fomu ya kitalu cha saba mwenyewe, akaisoma kimya. Alipofika katikati alirudi juu, akaisoma tena.

"Mnyamavu, mitatu," alisema. "Mratibu, huu ni adimu?"

"Inawezekana, mheshimiwa."

"Inawezekana au ni?"

"Ni."

Mwenyekiti aliandika kwa muda. Kisha akasema kwamba kitalu cha saba kitaondolewa kwenye kibali cha mwaka huu mpaka kipimwe upya. Vitalu sita vilivyobaki vitaendelea kama ilivyopangwa. Akamshukuru mtambuzi kwa uaminifu wake.

Mtu wa kampuni aliinua mabega kama mtu aliyenyang'anywa kiti kimoja akabakiwa na sita. Kalamu alishusha pumzi. Ilikuwa ushindi, na kila mtu chumbani alingoja Mama Gome akae.

Naye alitaka kukaa. Miguu ilikuwa imechoka na tumbo lilikuwa tupu siku mbili. Minyamavu mitatu ilikuwa salama. Kilichomleta kilikuwa kimepatikana. Lakini kitalu cha pili kilikuwa na ule wa maua ya shinani, mmoja tu. Kitalu cha tano kilikuwa na miwili ambayo hata baba yake hakuwa na jina la kuiita, na yeye aliiita kwa umbo la jani. Yote ilikuwa kwenye kapu lilelile, na juu ya kapu kilikuwa kidole kilekile.

"Mheshimiwa, kidole changu kiko kimoja," alisema. "Hakiwezi kusema kweli kwenye kitalu kimoja na uongo kwenye sita. Nimesema nakitoa."

"Mama," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa na onyo, "umepewa ulichoomba. Ukikitoa kwenye ripoti nzima, ripoti nzima inakuwa haina shahidi. Sitaweza kuamua lolote, hata hilo la kitalu cha saba. Litakwenda ngazi ya juu, na huko sijui wataonaje. Unaweza kukosa yote."

"Chukua chako uende, mama," alisema mtu wa kampuni, karibu kwa huruma.

Hapo ndipo hasira ya Mama Gome ilipokuwa kali kuliko siku zote, nayo ilikuwa ya utulivu. Aliona kwamba ndivyo ilivyokuwa imefanyika tangu mwanzo: mtu anapewa kidogo anachokipenda ili anyamaze juu ya vingine.

"Basi nikose yote," alisema. "Ila sitakuwa nimesema ni yangu."

Feni haikuzunguka. Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika mpaka mwisho wa ukumbi. Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua, akapiga mstari mrefu juu ya ukurasa wa kwanza.

"Ripoti inarudishwa," alisema. "Nzima. Nipewe jedwali la aina zote, hata liwe kurasa kumi. Hakuna msumeno unaoingia kabla ya hapo, na yeyote anayetaka kukata rufaa akate. Mratibu, maboksi yameshafika hapa. Anza nayo hapahapa, wewe na mtambuzi. Simwachii tena mtu kuchapa peke yake."

Mtu wa kampuni alikuwa tayari na simu sikioni, akitoka, akisema neno "ngazi ya juu" kwa mtu asiyeonekana. Hilo lilikuwa la kesho. Watu wakaondoka. Kalamu akaondoka naye, akinong'ona kwamba anakwenda kutafuta kazi nyingine kabla hajaikosa hii.

Walibaki wawili mezani, maboksi saba kati yao. Mratibu alivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti.

"Umeniaibisha, mama. Mimi si mwizi."

"Sijakuita mwizi. Mwizi huchukua kitu anachokijua thamani yake."

Mratibu alifungua boksi la kwanza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaanza kusoma majina na kuyaandika kwenye karatasi mpya. Alisoma mkangazi, msufi, mkangazi, mkuyu. Kwenye fomu ya nne alisita. Palikuwa na jina ambalo kwa miaka sita alikuwa akilipeleka kwenye mengineyo kwa kubonyeza mara moja.

"Huu," alisema bila kuinua macho, "ukoje?"

Mama Gome alimtazama yule kijana mwenye shahada ya misitu ukutani kwake na viatu visivyo na tope. Angeweza kumweleza. Harufu yake, utomvu wake, jani lenye mgongo mweupe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Uje na viatu vya kazi. Mimi sikusimulii, utaukwangua mwenyewe."